Kikombe Kimoja, Gramu Mia na Sitini

Daktari alisema kikombe kimoja cha wali kwa kila mlo, na hapo ndipo vita vilipoanza, kwa sababu nyumbani kwa kaka yangu kuna vikombe vya kila namna na hakuna hata kimoja kinacholingana na mwenzake.

Kaka yangu ni Eleuterio, sisi tunamwita Teryo. Amelima mpunga hapa mkoani kwetu Nueva Ecija tangu mgongo wake ukiwa bado umenyooka, na muda wote huo amekula wali kama mtu anayedai haki yake: sahani asubuhi na samaki mkavu, sahani mbili mchana, na za jioni simhesabii, maana mimi si mchoyo. Kisha kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kikapata kidonda kilichokataa kupona. Daktari Villarosa wa kituo cha afya, msichana mdogo mwenye upole unaotisha kuliko kelele, alikitazama kile kidole, akasoma kipimo cha damu, akamweleza bila kupindisha maneno. Sukari ikishuka, kidonda kitafunga. Isiposhuka, kidole kitakatwa, na kikishakatwa hakuna wa kuahidi kwamba vingine vitabaki.

"Kwani mtu anacheza dansi na vidole vingapi?" kaka akauliza.

Daktari alicheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha hata kidogo. Mjukuu wake, Krizelle, alikuwa anatimiza miaka kumi na minane mwezi wa Mei, na kwetu msichana akifika umri huo huchezeshwa na wanaume kumi na wanane, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ua la waridi mkononi. Wa mwisho ndiye mwenye heshima, na kwa kawaida ni baba. Lakini baba yake Krizelle ni baharia, na meli yake ilikuwa upande mwingine wa dunia. Mama yake, Minda, binti wa kaka, ni muuguzi Dubai na likizo alinyimwa. Kwa hiyo waridi la mwisho lilikuwa la babu, aliyemlea. Kaka alikuwa ameshanunua viatu vyeusi vya kung'aa, na alikuwa akifanya navyo mazoezi uani mpaka kidonda kilipomkataza. Siku moja nilimkuta amevipakata mapajani, anavipangusa tu bila kuvivaa. Iliniuma sana, nikamwambia avirudishe ndani kabla kuku hawajavinyea.

Basi, kikombe kimoja. Wifi yangu Puring, mke wa kaka, akatoa kile cha plastiki kilichokuja na sufuria ya umeme. Kaka akatoa kopo la bati lenye mkono, lile ambalo marehemu baba yetu alikuwa akinywea kahawa shambani.

"Daktari kasema kikombe," Puring akamwambia. "Hiyo ni ndoo."

"Lina mkono. Chochote chenye mkono ni kikombe. Hicho chako ni kifuniko cha dawa ya kikohozi."

"Teryo, usinianze."

"Na halafu ni kikombe cha mchele au cha wali? Maana mchele kikombe kimoja ukiiva unatoa vikombe vitatu. Yule mtoto hakufafanua."

"Kafafanua. Kasema wali. Nilikuwepo, na masikio yangu hayajaingiwa na sukari."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo mezani. Ni fundi cherehani, sikuolewa, chumba changu kiko nyuma ya jiko lao na sahani yangu iko kwenye meza yao. Kwa hiyo ugomvi wa watu hawa wawili naupata moto moto, na sijawahi kulipia kiingilio.

Minda ndiye aliyekata shauri. Akatuma kupitia kwa rafiki yake aliyekuwa anarudi nyumbani mizani ya jikoni, ya kioo, nyembamba, yenye tarakimu za buluu. Kisha akapiga simu ya video, uso wake umejaa kwenye kioo, kofia ya kazi bado kichwani.

"Baba, sikiliza. Kikombe cha wali ni gramu mia na sitini. Kuanzia leo habari za kikombe basi. Na kila jioni unanionyesha."

"Unanichunga kama bata?"

"Bata nisingemchunga, baba. Bata anajua kushiba."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kaka hakucheka. Alikuwa anaitazama ile mizani, na mimi namjua tangu tulipokuwa tunaogeshwa kwenye karai moja. Nikaona jambo linaanza kumjia. Mtu huyu amepeleka mpunga kwa wanunuzi maisha yake yote. Amesimama mbele ya mizani zao akiwa na kofia mkononi, akijua anapunjwa na asijue vipi. Sasa, katika uzee wake, kwa mara ya kwanza mizani ilikuwa yake.

Alianza na uchunguzi. Akapakua wali wa moto, ule uliotoka tu sufuriani, umechambuka na mvuke unapanda, akaujaza kwenye kikombe cha Puring, akaumimina juu ya mizani. Gramu mia na arobaini.

"Mnaona?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Gramu ishirini zimeliwa na hewa. Hewa ya nani? Mimi nilimwambia nani nataka hewa?"

Asubuhi yake akachukua kiporo. Wali uliolala umeshikana, hauna hewa. Akaujaza kwenye kikombe kile kile, akaushindilia kwa mgongo wa kijiko, kisha akakigonga kikombe mezani, gonga, gonga, kama anavyogonga gunia ili mpunga ukae, akaongeza, akashindilia tena. Akaupima. Gramu mia mbili na thelathini. Uso wake ulipata utulivu ambao sijauona tangu siku ya ndoa yake, na hata siku ile nadhani haukuwa mwingi hivyo.

Tangu hapo sheria ikawa hivi: asubuhi, wali ukiwa kiporo cha kukaangwa kwa vitunguu saumu, alipima kwa kikombe. Jioni, wali ukiwa wa moto, alipima kwa mizani.

"Chagua moja," Puring akamwambia.

"Asubuhi namtii daktari, jioni namtii mwanangu. Unataka nimdharau nani?"

Sasa msimdhanie wifi yangu kuwa ni mtu wa kukaa akaonewa. Puring ni mdogo wa umbo, mpole wa sauti, na akinyamaza ndipo umwogope. Hakubishana. Alikwenda jikoni akawasha vita vyake mwenyewe, vya maji.

Kwetu maji ya wali yanapimwa kwa kidole. Unaosha mchele, unausawazisha, unasimamisha kidole cha shahada juu yake, na maji yakifika pingili ya kwanza unafunika. Puring akaanza kuyapandisha. Mara ya kwanza juu kidogo ya pingili, keshoye zaidi. Mizani haijui maji ni yapi na mchele ni upi, vyote inavipima. Kwa hiyo gramu mia na sitini zikabaki gramu mia na sitini, na punje ndani yake zikawa zinapungua kila siku. Hata kikombe kiligeuka adui, maana wali wa namna ile ukipoa hujaa wenyewe, hauna cha kushindilia.

"Puring, mbona wali unateleza?"

"Mchele mpya huo, umevunwa juzi. Mchele mpya hautaki maji mengi, nikasahau."

"Umepika mchele mpya tangu ujana wako, leo ndiyo unasahau?"

"Uzee, mume wangu."

"Jana pia ulikuwa uzee."

"Ulitegemea jana niwe kijana?"

Kaka akala wali wake wa majimaji na supu ya ukwaju, akitafuna kwa hasira kitu kisichohitaji kutafunwa. Mimi pia niliula, maana sufuria ni moja, na nasema kweli, nililaani siku niliyozaliwa katika ukoo huu.

Wiki haikuisha kabla hajapata jibu. Alikwenda nyuma ya nyumba akakata jani la mgomba, akalipitisha motoni lilainike, akasema wali hunukia vizuri zaidi juu ya jani. Na ni kweli, hunukia. Nilimwona kwa macho yangu kupitia dirisha la chumba changu, akidhani yuko peke yake jikoni. Akaweka sahani juu ya mizani. Akatandaza vijiko vitatu vya wali. Akaufunika kwa jani. Akabonyeza kitufe, na mizani, ambayo haina macho, ikaandika sifuri. Kisha juu ya jani akapakua gramu mia na sitini, akapiga simu.

"Safi, baba!" Minda akasema. "Umeona unavyoweza?"

"Ni kujinyima tu, mwanangu," kaka akajibu, na ameinamisha kichwa kama mtakatifu wa kanisani.

Nilidhani nitamchongea. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Puring alikuwa ameshajua, kwa kuwa sahani zinaoshwa na yeye, na sahani ya mtu aliyekula juu ya jani haipaswi kuwa na punje zilizoganda chini. Jioni iliyofuata, kaka alipoinuka kwenda kuchukua chupa ya mchuzi wa samaki, ambayo Puring alikuwa ameisahau kwa makusudi kwenye kabati la mbali, wifi akainua jani, akachota vijiko viwili, akalirudisha jani, akakaa sawa na mikono yake mapajani.

Sasa wali ule aupeleke wapi? Ukishagusa sahani ya mtu haurudi sufuriani. Na kuutupa haiwezekani. Sisi ni wakulima. Punje ikianguka chini unaiokota, na mama yetu alikuwa akiibusu kwanza. Kwa hiyo Puring aliuweka kwenye sahani yake mwenyewe, akaula haraka kabla mwenyewe hajarudi.

Kaka alikaa, akala, akafika kwenye jani, akainua ncha yake kwa siri. Akaona upungufu. Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama. Angelalamika vipi? Angesema nini, kwamba ameibiwa alichokiiba?

Hivyo wakaendelea. Kila jioni alificha, kila jioni akapunguziwa, na kila mmoja alilala akijiona ndiye mjanja wa nyumba. Nami nilikaa katikati nikila, nikawahurumia wote wawili kwa upumbavu wao. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni sufuria. Puring alipika kiasi kile kile alichokuwa akipika wakati kaka anakula sahani zake zote.

"Punguza basi," nilimwambia siku moja. "Mchele wote huo wa nini?"

"Akija mgeni je?"

"Mgeni gani, wifi? Mtu wa mwisho kuingia humu alikuja kusoma mita ya umeme."

"Na alikula," Puring akanijibu, akafunika sufuria.

Ni kweli, alikula.

Karibu na sherehe nikaanza kumshonea Puring gauni, la kitambaa cha nyuzi za nanasi chenye rangi ya maziwa, mikono iliyosimama kama mabawa ya kipepeo. Kazi ya mikono yangu naijua. Nilikuwa nimempima mwezi wa Machi, nikakata, nikashona. Nilipomvalisha, likagoma ubavuni.

"Wifi, usivute pumzi."

"Sijavuta."

"Basi itoe."

"Nimeshaitoa, Nila. Isibaki hata kidogo, nife?"

Nilifumua mshono, nikaongeza kipande. Siku chache kabla ya sherehe nikamvalisha tena, likagoma tena. Nikailaumu tepu, maana ni ya zamani na imevutika. Puring alisimama mbele ya kioo, jagi la maji mkononi, akinywa. Siku zile alikuwa akinywa maji kama ardhi ya kiangazi, na akiinuka inuka kwenda chooni katikati ya maongezi, jambo ambalo mimi nilidhani ni njia yake ya kunikimbia.

"Ni samaki wa chumvi wa kaka yako," akasema alipoona namtazama. "Anataka kila siku. Chumvi tupu."

Nikamwambia anywe polepole asije akalowesha kitambaa changu.

Siku ya kaka kupimwa tena tulikwenda wote watatu, tumebanana kwenye kibanda cha abiria kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki ya jirani, kaka amevaa shati la kanisani. Alikuwa na hofu. Alijaribu kuificha kwa kumkosoa dereva njia nzima, lakini mkono wake ulikuwa umemshika Puring kiganja, na Puring aliuacha ushikwe. Nilijua anachokiwaza. Alijua ni wali kiasi gani alioushindilia kwenye kikombe kile, na ni kiasi gani alichokifunika kwa jani, na sasa damu yake ilikuwa inakwenda kusema yote mbele ya daktari.

Daktari Villarosa alisoma kipimo, akakisoma tena. Akafungua kitambaa cha kidole. Akakibonyeza hapa na pale.

"Mzee," akasema, "sukari imeshuka vizuri sana. Kidonda kimefunga. Kidole kinabaki, na dansi ruksa."

Kaka yangu alifunika uso kwa mikono miwili. Nami machozi yalinitoka, siwezi kukataa. Lakini mtu huyu hajui kushukuru kwa muda mrefu. Haikupita dakika ameshakaa kifua mbele.

"Unajua, daktari, siri ni nidhamu. Mizani ni chombo tu. Mtu mwenyewe lazima awe na moyo wa chuma."

Puring alitoa sauti ndogo puani. Daktari akamgeukia.

"Na wewe mama, umepimwa lini? Mwezi huu tunawapima wenza wa wagonjwa bure."

"Mimi mzima. Mimi ni mpishi tu."

"Ni tone moja."

Puring akatoa kidole, kile kile cha kupimia maji. Daktari akachoma, akasubiri, akatazama kile kimashine. Akachukua kidole kingine, akachoma tena, akatazama tena, na ule upole wake wa kutisha ukarudi.

"Mama," akasema, "yako iko juu kuliko ya mzee siku ile ya kwanza. Unakula wali kiasi gani?"

"Mimi?" Puring akashangaa kabisa, kama ameulizwa habari za mtu mwingine. "Mimi sijipimii, daktari. Mimi nakula yanayobaki tu."

Tangu kikombe cha kwanza tulikuwa tumegeuza vikombe kuwa gramu na gramu kuwa vikombe. Wa Dubai alihesabu, wa hapa alihesabu, wa kuficha alihesabu na wa kuiba alihesabu. Sufuria ilikuwa inatoka jikoni imejaa na kurudi imekwanguliwa, kaka anapungua, mbwa wetu mbavu zinahesabika, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza wali ule unakwenda wapi. Vijiko vya chini ya jani. Mabaki ya sufuria. Ukoko, ambao aliula na kahawa na sukari guru jioni, amekaa kwenye ngazi ya jikoni, kwa kuwa ni dhambi kuuacha. Mimi nilikuwa na tepu mkononi, nimeizungusha kiunoni mwake, na nikailaumu tepu. Niliona aibu, na mimi aibu yangu hutoka kama hasira, nikamwambia mbele ya daktari kwamba nimeharibu kitambaa cha nanasi kwa ajili yake.

"Kikombe kimoja kwa mlo," daktari alikuwa anamwambia Puring. "Cha wali."

"Gramu mia na sitini," kaka akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa na kifua mbele tena.

Tulirudi nyumbani. Dereva aliendesha vibaya kuliko asubuhi na kaka hakumkosoa.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu waoane, kaka alimwambia Puring akae. Akaingia jikoni yeye. Akapika kwa maji ya pingili moja, barabara, wali ukasimama punje punje. Akauchambua kwa uma, taratibu, akauacha upumue. Akachukua kile kikombe cha plastiki alichokiita kifuniko cha dawa, akakijaza kwa kijiko bila kugusa juu, akapitisha mgongo wa kisu kusawazisha.

"Gonga mezani kidogo," Puring akasema.

"Hakigongwi."

"Basi bonyeza. Kidogo tu, Teryo."

"Kikombe hakibonyezwi."

"Mbona wewe umebonyeza tangu Februari?"

"Ndiyo maana najua."

Akakipindua kikombe kwenye sahani ya mkewe. Kilima kidogo kikasimama, halafu kikabomoka chenyewe, kwa kuwa ndani kulikuwa na hewa nyingi. Puring alikitazama kama mtu aliyeletewa barua ya msiba.

"La jani ulijua?" kaka akauliza.

"Naosha sahani mimi. La maji ulijua?"

"Nina meno, Puring. Najua wali na najua mafuriko." Akakaa. Akazungusha kikombe mezani. "Ungesema. Ungesema tu, 'Teryo, acha, naumia.' Ningeacha."

"Ungeacha?"

Kaka alifikiri. Nampenda kwa hilo, kwamba alifikiri kweli.

"Nisingeacha," akasema. "Lakini ungesema."

Puring akaanza kula, punje kwa punje, na kaka hakugusa chake mpaka alipomaliza. Walikuwa na macho mekundu wote wawili. Mimi nikasema vitunguu vya leo ni vikali, ingawa hakukuwa na vitunguu.

Sherehe ilifana. Krizelle alikuwa kama malaika, ingawa zipu ya gauni lake, ambalo sikushona mimi, ilikuwa imepinda. Wanaume wakapita na mawaridi yao, na walipofika kwa wa mwisho, kaka akasimama katika viatu vyake vyeusi na vidole vyake vyote kumi. Hachezi vizuri. Hajawahi kucheza vizuri. Alimzungusha mtoto yule kama anayegeuza nyati wa kulimia mwishoni mwa mtaro wa shamba, na ukumbi mzima ukalia, na Minda akalia kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya soda. Puring alipiga makofi mpaka mshono wangu wa ubavuni ukanitisha.

Kisha chakula. Nguruwe mzima wa kuchoma, tambi ndefu za kuombea maisha marefu, na sufuria ya wali ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Watu wamepanga mstari na sahani zao. Kaka akampita kila mtu, akamshika Puring mkono akamsogeza mbele, akatia mkono mfukoni mwa suruali yake mpya, na mbele ya padri, mwenyekiti wa mtaa na ukoo mzima wa baharia, akatoa kile kikombe cha plastiki.

"Teryo, nitakuua," Puring akanong'ona.

"Baada ya kula."

Akachambua wali kwa uma. Akajaza. Akaomba kisu kwa mpishi, akasawazisha, na kilima cha juu kikaanguka kwenye kijiko alichokikinga chini. Akapindua kikombe kimoja kwenye sahani ya mkewe, kingine kwenye yake. Watu walicheka, na Puring alikuwa mwekundu kwa hasira, lakini nilimwona anavyoishika ile sahani, kwa mikono miwili, kama kitu alichopewa zawadi.

Kikabaki kijiko. Wali uliozidi, umeshatoka sufuriani, hauwezi kurudi. Kaka alikitazama. Taratibu, bila yeye mwenyewe kujua, mkono wake ukaanza kukipandisha mdomoni. Puring akaudaka mkono. Akakichukua kijiko, naye akakitazama, na mdomo wake ukaanza kufunguka. Kaka akaudaka mkono wake. Wakasimama pale, mstari wa watu umekwama nyuma yao, kila mmoja ameshika kifundo cha mwenzake na kijiko kiko katikati kinatetemeka.

Halafu wakageuka wote wawili kwa pamoja, wakanitazama mimi.

"Nila," wifi akasema kwa ile sauti yake ya upole, "wewe hujapimwa kitu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nilifungua mdomo niyatoe, na wali ukaingia.